Fremu Ndiyo Inayochagua: Direila ya Mbele kwa Baiskeli ya Milima ya Zamani

Kengeja, katika Wilaya ya Mkoani kusini mwa Pemba, baiskeli bado ina kazi zake licha ya bodaboda kuenea. Humpeleka mwanafunzi skuli, muuza samaki mitaani, na mkulima shambani akarudi na polo la muhogo nyuma. Zamani nyingi zilikuwa za gia moja, Phoenix za China na Hero za India. Siku hizi zimechanganyika na baiskeli za milima za mtumba, zilizokwisha kutumika ng'ambo kabla ya kuvuka bahari: fremu ya chuma au alumini, magurudumu ya inchi 26, gia tatu mbele na sita, saba au nane nyuma. Zilizo nyingi zilitengenezwa kati ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Fremu zake ni ngumu na zina maisha marefu. Kinachochoka mapema ni direila ya mbele.

Direila ya mbele ni kile kifaa kilichofungwa kwenye bomba la kiti, juu kidogo ya gia kubwa ya pedeli. Ina kizimba cha vibao viwili ambamo cheni hupita, springi inayokivuta kizimba ndani kuelekea fremu, na waya unaokivuta nje. Kazi yake ni kuisukuma cheni kwa ubavu mpaka idandie gia nyingine. Direila ya nyuma huigusa cheni upande uliolegea, lakini ya mbele huisukuma pale inapokazwa na mguu wa mpandaji. Na inafanya hivyo mbele tu ya tairi la nyuma, mahali panapopigwa na tope kila siku ya mvua. Si ajabu ikawa ya kwanza kuganda.

Watu wengi, ikishaganda, huiacha hivyo hivyo. Cheni hubaki kwenye gia ya kati au kubwa, na ile ndogo haiguswi tena. Kwa kisiwa kama Pemba hiyo ni hasara kubwa. Pemba haina mlima wa kutajwa, kwani sehemu yake ya juu kabisa haifiki mita 100 kutoka usawa wa bahari, lakini ardhi yake ni vilima na mabonde yanayofuatana, na njia za mashambani hupanda ghafla bila kuzunguka. Mwenye polo la karafuu kwenye keria anahitaji gia ndogo, na hesabu yake ni nyepesi. Gurudumu la inchi 26 likizunguka mara moja huenda kama mita 2 na sentimita 5. Gia ya mbele ya meno 42 ikivutana na ya nyuma ya meno 28, mzunguko mmoja wa pedeli huipeleka baiskeli kama mita 3.1. Kwa gia ya kati ya meno 32 ni mita 2.3. Kwa ndogo ya meno 22 ni mita 1.6 tu, yaani karibu nusu ya kazi ya ile ya kwanza kwa kila mkanyago. Baiskeli za gia moja za mtindo wa zamani mara nyingi hupita mita 5 kwa mzunguko, ndiyo maana wenye mizigo hushuka na kuzisukuma.

Basi direila ifaayo inastahili kutafutwa. Hapo ndipo makosa huanza, kwa sababu mnunuzi huenda dukani Chake Chake, au humwagiza mtu Darajani au Kariakoo, akiwa na neno moja tu mdomoni: "ya mbele, ya milima". Muuzaji humpa inayong'aa kuliko nyingine. Ikifika Kengeja, bangili yake haizunguki bomba, au waya wake unavutwa kutoka upande usiokuwepo kwenye fremu. Ukweli ni kwamba fremu, gia za mbele na mkono wa gia vimekwisha kuamua ni direila ya namna gani itakubali. Kazi ya mwenye baiskeli ni kuvisoma kabla ya kutoa pesa.

Kitu cha kwanza kusoma ni njia ya waya. Baiskeli ya milima ilizaliwa California katika miaka ya 1970. Specialized walianza kuuza Stumpjumper mwaka 1981, na Shimano wa Japani wakatoa seti yao ya kwanza ya vifaa vya milima, Deore XT, mwaka 1982. Direila za mbele za siku hizo zilirithiwa kutoka baiskeli za safari ndefu, na waya wake mara nyingi ulishuka kwenye bomba la chini, ukapita chini ya ekseli ya kranki, kisha ukapanda na kuivuta direila kutoka chini. Wapanda milima wakaona tabu yake: chini ya ekseli ndiko tope linakokwenda. Kwa hiyo katika miaka ya 1990 watengenezaji wengi waliuhamisha waya ukapita juu, kwenye bomba la juu, ukateremka sambamba na bomba la kiti na kuivuta direila kutoka juu.

Ipindue baiskeli uangalie. Ukiona chini ya ekseli kijipande cha plastiki chenye mifereji miwili, na waya mmoja umelala humo ukielekea juu nyuma ya bomba la kiti, hiyo ni fremu ya kuvuta kutoka chini. Ukiona waya tatu zimepangana kwenye bomba la juu (breki ya nyuma, gia ya nyuma na gia ya mbele), hiyo ni ya kuvuta kutoka juu. Zipo pia fremu chache zenye puli ndogo nyuma ya bomba la kiti, ambapo waya huja kutoka juu, huzunguka puli na kuivuta direila kutoka chini. Hizo zinataka direila ya chini, ingawa waya uko juu.

Direila ya waya wa juu haiwezi kulazimishwa ifanye kazi ya waya wa chini. Mkono wake mdogo unaoshika waya umeelekezwa upande mmoja, na ukivutwa upande mwingine hakuna kinachosogea. Lakini baadaye Shimano walianza kutengeneza direila za milima zinazokubali pande zote mbili, na katika safu za bei ya chini na ya kati, kama Altus, Acera, Alivio na Deore, zinapatikana nyingi. Kuitambua ni rahisi: mahali pa kukazia waya pana mfereji kwa upande wa juu na mwingine kwa upande wa chini. Kwa anayenunua akiwa mbali na baiskeli yake, au anayemwagiza dereva wa gari la abiria, hiyo ndiyo ya kuiomba.

Kitu cha pili ni unene wa bomba la kiti, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Bangili za direila hutengenezwa kwa vipimo vitatu vikuu: milimita 28.6, 31.8 na 34.9. Fremu nyingi za chuma za zamani ni 28.6. Za alumini na za chuma zilizokuja baadaye huwa 31.8 au 34.9. Tofauti ya 28.6 na 31.8 haionekani kwa macho, na rula ya mtoto wa skuli ikiwekwa juu ya bomba la mviringo hudanganya. Penye skuli ya sekondari ya ufundi kama Kengeja, vania ya kupimia huenda haiko mbali, na ndiyo bora. Asiyeipata ana njia nyingine isiyokosea: utepe wa fundi cherehani. Zungusha utepe kwenye bomba mara moja, pale bangili itakapokaa, ukiwa umeondoa rangi iliyobanduka na tope lililokauka. Ukisoma sentimita 9, bomba ni la 28.6. Ukisoma 10, ni la 31.8. Ukisoma 11, ni la 34.9. Vipimo vimeachana sentimita nzima, kwa hiyo hata mkono ukitetemeka kidogo jibu halibadiliki. Asiye na utepe azungushe uzi, autie alama kwa kalamu, kisha aunyooshe juu ya rula.

Bangili ndogo haiwezi kukuzwa. Kubwa inaweza kujaziwa, na baadhi ya direila za milimita 34.9 huuzwa pamoja na vipande vya kujazia ili zikae kwenye mabomba ya vipimo viwili vidogo. Ikiwa vipande hivyo vimepotea, kuna mafundi wanaokata kopo la soda na kulizungusha. Wazo si baya ila hesabu yake haitoshi: bangili ya 31.8 kwenye bomba la 28.6 inaacha nafasi ya milimita 1.6 kila upande, na ukuta wa kopo ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Zingehitajika tabaka kumi na sita, na hazitakaa sawa. Kipande cha bati la alumini nene, au cha bomba la plastiki la maji lililopasuliwa kwa urefu, hufanya kazi hiyo vizuri. Mpira wa tyubu usitumike kabisa. Mpira hubonyea, na bangili huzunguka polepole kwenye bomba kila cheni inapokaza, mpaka siku moja kizimba kinajikuta kimegeukia ndani na kuingia kwenye meno.

Sasa tuje kwenye maumbo yenyewe, jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Umbo la zamani, linaloitwa na Shimano Down Swing, lina bangili juu ya kizimba, na kizimba kinaning'inia chini yake. Umbo la pili, Top Swing, lina bangili iliyokaa chini, karibu na usawa wa kizimba, na viungo vyake vinabembea kutokea juu. Hili lilienea katikati ya miaka ya 1990 na baadaye, zilipokuja fremu zenye springi nyuma, ambazo bomba lake la kiti limekatizwa na ekseli au pini na halina nafasi ya bangili ya juu. Umbo la tatu ni lile lisilo na bangili kabisa: direila imeungwa kwenye bamba la chuma, na bamba limebanwa na kikombe cha ekseli ya kranki upande wa gia. Shimano huliita E-type. Yako mengine yaliyokuja baadaye, yanayofungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye fremu, lakini fremu ya zamani haina mahali pake, kwa hiyo hayamhusu mwenye baiskeli ya mtumba ya miaka ile.

Kwa fremu ngumu isiyo na springi, yenye bomba la kiti lililonyooka bila kizuizi, umbo la zamani la bangili ya juu ndilo la kutanguliza. Skrubu zake zinaonekana na bisibisi inafika bila kupinda mkono. Isitoshe, lilitengenezwa na kampuni nyingi kwa miaka mingi, Shimano, SunTour na nyinginezo, hivyo la mtumba hupatikana kwa wingi kwenye fremu zilizokufa. Top Swing inafanya kazi vizuri tu, na ikiwa ndiyo iliyopo kwa kipimo sahihi, hakuna haja ya kuikataa. Ila kabla ya kuinunua hakikisha sehemu ya chini ya bomba, juu tu ya ekseli, iko wazi: pasiwe na uvimbe wa kuchomelea wala bolti ya kishikio cha chupa.

E-type iepukwe ikiwezekana. Si mbovu, na kwenye fremu ambayo bomba lake si la mviringo huenda ikawa ndiyo pekee itakayokubali. Tatizo ni matengenezo. Kuibadilisha kunataka kuvua kranki na kikombe cha ekseli, na hilo linahitaji pula ya kranki na spana maalumu yenye meno. Asiye na vifaa hivyo ataishia kupiga nyundo, na uzi wa kranki ya alumini ukishakatika, kranki hiyo haina tena pa kushikwa na pula.

Kitu cha tatu ni meno ya gia za mbele. Yahesabu. Baiskeli za milima za mwishoni mwa miaka ya 1980 mara nyingi zina 46, 36 na 26, au 48, 38 na 28. Katika miaka ya 1990 gia zilipunguzwa, na 42, 32 na 22 ikawa kawaida, ikafuatwa na 44, 32 na 22. Ubao wa nje wa kizimba umepindwa ufuate duara la gia kubwa fulani, na mara nyingi idadi ya meno huandikwa kwenye direila yenyewe au kwenye karatasi yake. Kizimba cha 42 kikiwekwa juu ya gia ya 48, mkia wake hugusa meno na kulazimisha direila ipandishwe juu mno. Kizimba cha 48 juu ya gia ya 42 hakitaumiza kitu, ila mkia wake utakuwa mbali na cheni, na mabadiliko yatakuwa ya uvivu. Kama lazima kukosea, kosa hili la pili ni afadhali.

Kuna pia tofauti kati ya gia kubwa na ya kati. Direila za gia tatu zina ubao wa ndani ulioshuka chini, ili uweze kuifikia cheni ikiwa kwenye gia ndogo na kuipandisha. Ubao huo unahitaji nafasi juu ya gia ya kati. Direila nyingi za milima zilibuniwa kwa tofauti ya meno 10 au 12. Ikiwa gia kubwa iliyovunjika imewahi kubadilishwa na ndogo zaidi ili mradi cheni izunguke, ubao huo utakwaruza gia ya kati hata ukifanya nini. Na direila ya gia mbili, yenye ubao wa ndani mfupi, isiwekwe kwenye gia tatu, kwa kuwa itashindwa kuitoa cheni kwenye ile ndogo hasa mzigo unapokuwa mzito.

Upana wa kizimba hausumbui sana. Kilichotengenezwa kwa gia 6, 7 au 8 za nyuma kinafaa kwa zote hizo, na cha gia 9 nacho hukubali. Cha gia 10 ni chembamba, na cheni nene ya zamani itakuwa inapigapiga pande zote mbili.

Mkono wa gia ni suala la peke yake. Kuna ule wa zamani wa kidole gumba, usio na vituo, ambao husogezwa kiasi chochote na hukaa ulipoachwa. Na kuna ule unaolia "tik" kwa kila gia. Huo unaolia unataka direila inayosogea kwa kipimo ulichozoea, kwa hiyo direila ya milima iendane na mkono wa milima, si wa baiskeli za mashindano ya barabarani. Usio na vituo haujali: hufanya kazi na direila yoyote, hata iliyochoka kidogo, kwa kuwa mpandaji mwenyewe ndiye anayesikia cheni na kuirekebisha. Kwa Kengeja, ambako kipuri halisi kinaweza kukosekana kwa muda mrefu, mkono wa kidole gumba kwa upande wa mbele ni chaguo la busara. Mbele ni gia tatu tu. Vituo havina faida kubwa hapo.

Kabla ya kuuhukumu mkono unaolia kuwa umekufa, jaribu jambo moja. Mikono mingi ya Shimano ya miaka ya 1990 huacha kubonyea kwa sababu grisi ya kiwandani imekauka ndani ikawa nta, na vijimeno vimeganda nayo. Fungua kifuniko, mwagia mafuta ya taa au dawa ya kulegeza kutu, bonyeza mara nyingi, uache, urudie. Ukishaanza kushika, tia oili nyepesi. Mara nyingi mkono ulio tayari kutupwa hufufuka, na hata direila iliyodhaniwa mbovu ikaonekana haikuwa na kosa.

Direila ya mtumba ikaguliwe mkononi. Shika bangili kwa mkono mmoja na ncha ya kizimba kwa mwingine, uitikise kwa upande. Mchezo kidogo hauna neno, lakini kizimba kikiyumba nusu sentimita, pini zimekwisha na hakuna marekebisho yatakayoishika. Kisukume nje kisha ukiachie ghafla: kirudi chenyewe mpaka mwisho kwa nguvu. Kikirudi nusu na kusimama, huenda ni kutu tu, na kukilaza kwenye mafuta ya taa usiku mmoja kunaweza kukifungua. Tazama ubao wa ndani ukiuelekeza kwenye mwanga. Cheni huchora mfereji juu yake, na mfereji ukiwa wa kina, cheni hunasa humo badala ya kupanda. Angalia pia kama kizimba kimeungwa mkiani kwa skrubu au kwa ribiti. Chenye skrubu kina faida kubwa: hufunguliwa na kupitishwa kwenye cheni bila kuikata cheni yenyewe.

Kuifunga si kazi ngumu, ila ina mpangilio wake. Kaza bangili kwanza kiasi tu cha kushika. Sukuma kizimba kwa mkono mpaka ubao wa nje uwe juu ya gia kubwa, kisha pandisha au shusha direila mpaka kati ya ubao na ncha za meno pabaki milimita 1 hadi 3. Unene wa sarafu moja utakupa kipimo cha kutosha. Tazama kutoka juu: ubao wa nje uwe sambamba na gia, usigeuke ndani wala nje. Hapo ndipo bangili ikazwe kabisa.

Skrubu mbili ndogo huweka mipaka, na kwenye direila nyingi zimeandikwa L na H. Weka cheni kwenye gia ndogo ya mbele na kubwa kabisa ya nyuma, zungusha L mpaka ubao wa ndani ukaribie cheni bila kuigusa. Nafasi ya nusu milimita inatosha. Ndipo waya ufungwe, ukiwa umenyooka, na uingie kwenye mfereji wake chini ya washa. Ukikazwa upande usio wake, direila hupungukiwa na mwendo. Kisha cheni ipelekwe kwenye gia kubwa ya mbele na ndogo ya nyuma, na H irekebishwe vivyo hivyo kwa ubao wa nje. Waya uwe wa gia hasa. Wa breki ni mnene zaidi na kichwa chake hakikai kwenye mkono wa gia.

Kuna ugonjwa mmoja unaowahangaisha mafundi bure. H imelegezwa yote, waya umekazwa, na bado kizimba hakiifikii gia kubwa. Wengi huilaumu direila. Mara nyingi kosa liko kwenye ekseli ya kranki: ya zamani ilipoharibika, ikawekwa ndefu zaidi iliyopatikana, na gia zote tatu zikasogea nje. Baiskeli nyingi za milima za miaka ya 1990 zilipangwa gia ya kati ikae kama milimita 47.5 kutoka katikati ya fremu, na za baadaye kama milimita 50. Pima kwa rula kutoka katikati ya bomba la kiti. Ikizidi hapo kwa kiasi kikubwa, badilisha ekseli kabla ya kununua direila nyingine.

Baada ya hapo adui ni maji. Masika ya Machi hadi Mei huleta tope, na upepo wa bahari huleta chumvi miezi yote. Mwenye kubeba samaki huongeza maji ya chumvi yanayotiririka kutoka kwenye pakacha moja kwa moja hadi kwenye gia. Aimwagie direila maji baridi kila jioni, aipanguse, na kila wiki atie tone moja la oili kwenye kila pini. Oili chafu ya gari isitumike, maana huwa imekwisha kubeba uchafu wa injini na hukamata mchanga ukawa kama msasa. Kwenye fremu za waya wa chini, kile kijipande cha plastiki chini ya ekseli kisafishwe kwa mswaki wa zamani, kwa sababu mifereji yake ikijaa udongo waya hukwama hata kama direila ni mpya.

Wapo watakaouliza kama tabu yote hii ina maana. World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 2005 na ambalo baiskeli zake za Buffalo zinatumika sana Afrika Mashariki na kusini mwa Afrika, lilikaa miaka mingi na gia moja. Lilipoongeza ya pili kwenye Buffalo S2, halikuweka direila: baiskeli ina cheni mbili, na gia hubadilishwa kwa kurudisha pedeli nyuma kidogo. Hata kwenye baiskeli za milima za bei kubwa, tangu SRAM walipotoa XX1 mwaka 2012, gia moja ya mbele imekuwa ndiyo kawaida. Lakini hizo zina gia kumi na moja au kumi na mbili nyuma, na ya nyuma kubwa kuliko sahani ya chai. Friwili ya gia sita au saba yenye meno 28 mwisho haina uwezo huo. Ukiitoa gia ndogo ya mbele kwenye baiskeli kama hiyo, umemtoa mwenye mzigo kwenye kiti.

Anayebeba mwili wake tu, kutoka Mtambile hadi Kengeja kwenye lami, anaweza kuishi na gia ya kati peke yake. Hata hivyo direila isitupwe, kwani bila hiyo cheni ya zamani hurukaruka na kutoka kwenye meno barabara ikiwa mbovu. Iachwe bila waya, na skrubu ya L ikazwe mpaka kizimba kisimame juu ya gia ya kati, kisha H ikazwe kukizuia kisitoke nje. Skrubu ikiwa fupi, kipande cha waya wa gia kifungwe kutoka kwenye bolti yake hadi kwenye kishikio cha fremu, kikiwa kimevutwa kiasi hicho hicho. Pedeli izungushwe huku gia za nyuma zikibadilishwa zote, kuanzia kubwa hadi ndogo. Ubao wa ndani ukigusa cheni kwenye ile kubwa ya nyuma, L ilegezwe robo mzunguko na ijaribiwe tena.